Sababu Zingine

Lubumbashi, tarehe 5 mwezi wa pili 2024

Tata mupendwa,

Jambo sana. Mi niko muzima, Mungu anasaidia, ni mvua tu na umeme ya kukatika njo binanichokesha. Na ninyi? Mugongo yako inaendelea namna gani? Mama eko? Umusalimie na mikono mbili.

Tata, niko na kazi ya kukuomba. Unajua nafika mwisho wa masomo, lazima niandike mémoire, ile kitabu ya kumaliza masomo. Profesa alikubali mada yangu: namna gani batu ba kwetu banaamua kununua safari za inje, zile agence ya safari inapanga yote, tiketi, hoteli, chakula na mutu wa kuongoza. Batu banaenda Dubai, Yerusalemu, Lourdes, hata hapa jirani Zambia. Mu nyumba nani anaamua? Nini inabasukuma? Nini inabazuia?

Natuma karatasi za maulizo na Dady, dereva wa bisi. Ulizia bale balisafiri, na bale bangependa lakini bado. Nusu bakuwe banamuke. Sharti ni moya tu: kila mutu ajibu na kinywa yake. Usimujibie mutu. Najua weye unajua majibu ya majirani bote ba kartye (hapa nacheka), lakini nakuomba, Tata.

Mutoto wako,
Jocelyne


Kolwezi, tarehe 19 mwezi wa pili 2024

Moyo webe, jambo sana, mwana wangu Jocelyne,

Barua ilifika. Siye tuko bazima. Mugongo ni mugongo, inazeeka na mwenyewe. Mama yako anakusalimia, anakutumia samaki ya kukauka. Kama inapunguka, muulize Dady, si miye.

Sasa weye mutoto! Ungeniambia mbele kama hii kazi ni ya hatari! Umesahau Kolwezi? Huku mutu akikuya na karatasi na kalamu, akaanza kuuliza majina, ni mutu wa kampani, anahesabu nyumba zitavunjwa juu ya mugodi. Nilianzia kwa jirani Ntambwe. Nilisoma vizuri: "Mu nyumba yenu, nani anaamua safari?" Ntambwe aliruka, alienda kupanda miti tatu ya avoka nyuma ya choo, juu muti inalipwa ku fidia! Mama Godelieve, yee aliita bajukuu bote, na bale ba Lubudi alibapigia simu bapande treni, bafike bahesabiwe. Nilimuambia: "Mama, ni juu ya kutembea Yerusalemu!" Alinijibu: "Tata Badibanga, usitufiche. Sasa batatuhamisha mupaka Yerusalemu?" Nilicheka mupaka mugongo ikanishika.

Kiisha balielewa, ao nusu. Lakini bote bale balijibu, sasa banangojea safari. Huku mutu akiulizwa na karatasi, anajua kuna kitu kitakuya nyuma. Kila misa Mama Godelieve ananivuta mukono: "Tunaenda lini?" Naanza kupita mulango ya sakristia.

Majibu utaona mwenyewe. Ba Yerusalemu balienda juu padri alisema. Ba Dubai balienda juu jirani alienda, akarudia na friji. Bana ume bote banasema banaamua pamoja na bibi. Ni vizuri. Karatasi ya Mama yako niliijaza miye, yee alikuwa ku soko. Hataki kuenda fasi yoyote, unamujua.

Tata yako,
Symphorien


Lubumbashi, tarehe 27 mwezi wa pili 2024

Tata mupendwa,

Jambo, na aksanti mingi. Bibaya habiko huku, niko muzima. Samaki ilifika, kichwa moya inakosa, nilimusamehe Dady. Habari ya Mama Godelieve nilisomea benzangu ba chumba, balianguka ku kitanda na kucheka.

Lakini Tata! Karatasi ya Mama! Imeandikwa: "Bibi yangu anapenda nyumba yake." Mama anaweza kusema "bibi yangu"? Nilikuomba kitu moya tu.

Natuma ingine, mupya. Kaa naye, soma maulizo moya moya, kiisha ngojea. Akinyamaza, nyamaza na weye. Kuuliza si ujinga, Tata, hata kama ni mutu wa nyumba yako.

Mutoto wako anayekupenda hata akikugombeza,
Jocelyne


Kolwezi, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024

Moyo webe, Jocelyne,

Tuko, tunapumua. Natumaini na weye unakula vizuri, usiishi na mukate na chai.

Miaka makumi tatu na nane ya ndoa, leo mutoto niliyemulipia masomo ananifundisha kuongea na bibi yangu. Bon. Nilitii.

Ilikuwa siku ya Mungu, kiisha kula bukari. Nilivaa miwani, nilifungua karatasi. Mama yako alicheka: "Symphorien, unanihesabu na miye?" Nilisoma: safari gani ungechagua? Kalamu ilikuwa inaandika tayari "Lourdes". Yee akasema: "Maporomoko ya Victoria, kule Zambia." Aa! Toka lini? Toka shule ya basista kule Lubudi, picha ilikuwa ku kalendari, maji inaanguka na moshi inapanda juu. Nilimuuliza sababu gani hakuniambia miaka yote hii. Alisema: "Hukuniuliza."

Nani anaamua mu nyumba? "Andika: bwana." Sababu gani unataka kuenda sasa? Pale alinyamaza. Na miye nilinyamaza, sawa uliniagiza. Kiisha alisema: "Andika: sababu macho yangu ingali inaona." Nilimuambia, Adèle, mu miaka yetu nani eko na macho? Miye bila miwani nasalimia miti. Lakini niliandika vile alisema, neno kwa neno. Usiseme tena nilimujibia.

Nilipokunja karatasi, akaniuliza: "Basi tunaenda lini?" Na yee! Sawa Mama Godelieve! Nilicheka, mwana wangu, nilicheka sana. Nilimuambia ni masomo tu ya mutoto. Alisimama, akaenda kuosha masahani.

Tata yako,
Symphorien


Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa ine 2024

Tata mupendwa,

Heri ya Pasaka. Mi niko muzima, ni usingizi tu inanikosa juu naingiza majibu yenu yote mu kompyuta.

Sikiliza. Kuna agence moya huku inapanga bisi ya banamama ba parokia, mwezi wa tano, mupaka maporomoko ya Victoria. Banasema ule muda maji ingali mingi. Nimemushikia Mama nafasi. Kazi yangu ya jioni itasaidia. Inabaki pasiporti, na inabaki weye useme ndiyo. Tata, sema ndiyo.

Jocelyne wako


Kolwezi, tarehe 21 mwezi wa ine 2024

Moyo webe, mwana wangu,

Tuko bazima. Barua yako niliisoma mara mbili, nikatembea nayo mu mufuko siku kidogo.

Uko na roho muzuri, lakini uko na haraka. Bati ya nyumba inavuja fasi mbili. Batu batasema nini? Badibanga anatuma bibi yake kuangalia maji ya Zambia, na maji ya mvua inamunyeshea ku kitanda? Haraka haraka haina baraka. Tutengeneze nyumba kwanza, mwaka kesho tutaona. Nilimuuliza Mama yako, usifikiri sikumuuliza. Alisema: "Kama unavyoona." Unaona, hana neno.

Na umuandikie kidogo juu ya maharagi. Siku hizi anachambua sawa mutu anasinzia. Majiwe ndani! Juzi nilivunja jino. Na chai, anamwaga ku meza, kikombe iko pembeni inamuangalia. Nilimugombeza. Anakasirika na ile safari, nafikiri, lakini anaficha. Itamupita.

Tata yako,
Symphorien


Lubumbashi, tarehe 14 mwezi wa kumi 2024

Tata,

Jambo. Mi niko muzima. Ninyi, sijue. Niliandika mwezi wa saba, niliandika mwezi wa tisa, hakuna jibu. Simu yako inaita mupaka inachoka. Dady anasema alikuona ku parokia na ulimuonyesha mugongo. Nilikukosea nini? Kama ni juu ya ile bisi, ilienda bila Mama, nimekubali, tuache.

Mémoire imepita, Tata! Balinipigia makofi. Profesa alipenda sana fasi moya: mu nyumba zile zile, bana ume balijibu "tunaamua pamoja", banamuke balijibu "bwana". Alisema hiyo tu inatosha kuwa kitabu. Nilikuwaza pale mbele ya batu, nikacheka peke yangu.

Niandikie hata musitari moya. Mama eko namna gani?

Mutoto wako,
Jocelyne


Kolwezi, tarehe 3 mwezi wa kumi na moya 2024

Jocelyne, mwana wangu,

Moyo webe. Nafurahi na masomo yako, nafurahi kweli. Barua zako nilipata zote. Sikujibu juu kila nikishika kalamu, naona aibu.

Mwezi wa saba Mama yako alikuwa anatoka ku soko. Pale malori ya shaba inapitia, hakuona pikipiki. Mungu alisaidia, ilimusukuma tu mu mufereji. Nilikimbia, na neno ya kwanza ilitoka mu kinywa yangu ilikuwa matusi: "Unaangalia wapi, weye?" Alijibu mbele ya batu bote, polepole, sawa mutu anaomba chumvi: "Siangalie fasi, Symphorien. Sioni."

Munganga wa macho alimupima. Ni presha ya macho. Ya kushoto imezimika. Ya kuume inabaki sawa anachungulia mu tundu ya ufunguo, na hata ile itafunga. Iliyoenda hairudi, dawa ni ya kuchelewesha tu. Alimuuliza alianza lini kuona vibaya. Mama yako alisema: "Ni miaka mbili." Munganga hakumuangalia yee tena, aliniangalia miye.

Ku nyumba nilipiga kelele, nikasema sababu gani hukuniambia? Alisema: "Nilikuambia. Ukaandika."

Na ni kweli. Niliandika na mukono yangu, nikafunga ndani ya bahasha, nikacheka. Nilisikia neno ya kujaza musitari, sikusikia mutu. Na ile majiwe mu maharagi, na ile chai, miye nilimugombeza! Miezi yote alikuwa anachambua na vidole, Jocelyne, na miye nafikiri ni kiburi. Najuta mupaka chakula inanikataa.

Bati imetengenezwa. Haivuje tena.

Tata yako,
Symphorien


Lubumbashi, tarehe 11 mwezi wa kumi na moya 2024

Tata wangu,

Sijue nianze namna gani, basi jambo. Nililia, nikalala, nikaamuka, nikalia tena.

Usibebe peke yako. Ile karatasi ilipita mu mikono yangu pia. Mu kompyuta kila jibu lazima ipate kisanduku: bei, dini, biashara, jirani. Ya Mama haikupata. Niliisoma, Tata, naikumbuka vizuri: macho yangu ingali inaona. Nilisema mu roho, hii inaenda wapi? Nikaitia mu "Sababu zingine", nikachukua karatasi ya nyuma yake. Profesa alinipongeza juu kazi yangu ilikuwa safi. Miye nilisomea kuuliza batu, na mama yangu mwenyewe alinijibu, sikusikia.

Kesho nakuya Kolwezi. Nitabaki wiki mbili, niulizie munganga mwingine naye. Lakini weye anza pasiporti, zote mbili, yako na yake. Hapana kungojea bisi ya banamama. Enda naye mwenyewe, angalau ile tundu ya ufunguo ione kitu.

Jocelyne


Livingstone, tarehe 27 mwezi wa ine 2025

Moyo webe, Jocelyne, mutoto wangu,

Tulifika. Mama yako eko muzima, anakusalimia, analala sasa. Njia ilikuwa murefu lakini bisi nzuri, na yule kijana wa agence anayetuongoza eko na heshima. Miguu yangu imevimba, si kitu.

Unajua namna pasiporti zilituchelewesha, na unajua mwezi wa pili ile jicho ya kuume ilifunga. Nilimuambia, Adèle, tuache, tutaenda kufanya nini kule? Nilifikiri namuhurumia. Alifunga sanduku yake akakaa juu yake.

Leo asubui tulienda. Mbele ya kufika, chini inatetemeka, mutu anaisikia mu magoti. Tulivaa manailoni ya mvua, nilimushika, tukasimama ku chuma ya kuzuia batu. Mwana wangu, ile maji! Sikukuwa najua. Mwaka muzima nilisema ni maji tu. Niliona picha yake yote ya kalendari, miye nisiyeiomba, na yee kando yangu uso wazi, macho wazi, haoni kitu. Moyo ilinikata. Nikasema basi, nitamuonea. Nikainama ku sikio yake, nikaanza kupiga kelele: "Adèle, iko mweupe, inaanguka hivi, kule kuna upinde wa mvua, kule…"

Aliweka mukono juu ya kinywa yangu. Alisema: "Symphorien, nyamaza. Hii niachie."

Njo nilinyamaza. Alitoa kile kinailoni ku kichwa. Maji ilimupiga uso, nguo yote ikalowana, kitambaa ikaanguka, hakuiokota. Alisimama vile mupaka batu ba kundi yetu balienda kula na balirudia. Mara ingine alitikisa kichwa, mara ingine alicheka, na miye sikujua juu ya nini. Sikuangalia maji tena, niliangalia yee.

Ku njia ya kurudi nilishindwa kuvumilia. Nilimuuliza: "Mama Jocelyne, ulisikia nini pale?"

Alitembea kidogo, mukono yake mu mukono yangu. Akasema: "Ile ni yangu."

Iliniuma, mwana wangu, sitakuficha. Nilimuonyesha mulango ya bisi iko wapi, tukapanda.

Tata yako,
Symphorien