Mashine Mbili, Moyo Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki ina ngazi kumi na saba. Nilisimama kwenye ya tisa, nikainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Binti yangu alikwisha fika juu, hakuona kitu. Vizuri.

Ndege ni Jumamosi ya tarehe 15. Miaka arobaini na mmoja tangu nivuke mpaka na mkoba mmoja na ramani ya shule. Sasa wamefungua, tunaruhusiwa kwenda kutazama. Dada yangu mkubwa yu hai, ana miaka themanini na tisa. Kwenye simu alisema nisimletee kitu, nijilete mwenyewe. Lakini shirika la ndege linadai cheti cha moyo kwa kila aliyevuka themanini. Mimi nimeivuka kwa miaka miwili.

Mashine ya kupimia moyo ipo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya ukweni. Nzima kabisa. Ila karatasi yake imekwisha, na karatasi nyingine haitaki – muuguzi alijaribu, ikalia kama mtoto aliyebadilishiwa mlezi. Karatasi inatoka kwa walioiunda tu. Hao nawaita Nchi ya Viwanda. Wamejibu: miezi miwili.

Daktari nilimfundisha jiografia. Mito yake ilikuwa inapanda milima. "Mwalimu," akasema, "hii mashine ina wivu."

Jumanne, 4 Machi

Kumbe iko ya pili! Stoo, nyuma ya magongo. Zawadi ya Nchi ya Theluji, ile ile iliyonisomesha miaka minne ujanani, enzi hizo ikigawa vitabu. Haihitaji karatasi. Inahitaji plagi ya miguu mitatu minene, ambayo muuguzi aliazima kwa fundi redio. Ikawaka. Ikasema neno kwa lugha ya kwao, na chumba kizima kikanigeukia mimi.

Lugha ilirudi polepole, kama mtu anayeshuka kitandani. Inaomba namba ya kuifungulia. Namba wanayo wao. Muda wa leseni umepita.

"Yaani tumepewa nyumba, ufunguo wamebaki nao?" – muuguzi.

Ndivyo hasa. Nimekuja na kijitabu chake nyumbani, nikakisoma chote. Ukurasa wa mwisho, herufi ndogo: mpira wa vile vikombe vya kubana kifuani umetoka kwetu. Kwetu kabisa! Baba alikuwa mgema mpira. Ndiyo sehemu pekee ya mashine isiyodai chochote.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempa daktari somo aliloshindwa darasa la saba. Mashine haziuzwi kwa ajili ya wagonjwa tu. Atakayeingiza ya kwanza ndiye atakayeuza vipuri miaka ishirini. Na sasa hospitali kuu iko mbioni kununua arobaini. Kwa hiyo: piga picha mashine ya Theluji ikiwaka, umpelekee mwakilishi wa Viwanda. Kisha pindua: ya Viwanda, umpelekee wa Theluji.

"Mwalimu, huo si uchonganishi?"

Nikamwambia ni jiografia.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tatu asubuhi, mwakilishi wa Viwanda alianza kuingiza makatoni sita ya karatasi. Miezi miwili imekuwa siku nne. Saa nne, mwakilishi wa Theluji na namba yake kwenye bahasha, tai imekaa upande. Walikutana mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake, hakuna aliyeingia. Muuguzi akapita katikati yao na ndoo.

Jumatano, 12 Machi

Nimepimwa mara mbili. Viwanda: moyo wa kawaida. Theluji: mapigo yanaruka, asisafiri kabla ya uchunguzi zaidi.

Wawakilishi walikuwepo wote. Sijawahi kugombewa hivi, hata nilipokuwa msichana. Mmoja anautetea uzima wangu, mwingine ugonjwa wangu, na wote wananiita mama. Wa Viwanda akasema ile ya wenzake inatishika ovyo. Wa Theluji akasema ile ya wenzake ingempa cheti hata maiti. Binti yangu akaniangalia mimi, si wao.

Daktari aliwatoa nje. Mhuri mkononi, hauangukii popote. "Mwalimu, wewe unaamini nchi gani?"

Viwanda, nikasema. Haraka mno.

Alinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye alipodai daftari limesahaulika nyumbani. Akaweka mhuri mezani. "Basi njoo Ijumaa asubuhi. Tuziache mashine zote mbili. Utapanda ngazi zangu bila kusimama, mimi nitakuwa juu nakusubiri. Ukifika, nagonga."

Alhamisi, 13 Machi

Dada kapiga simu. Kaniwekea kitanda karibu na dirisha. Anauliza kama bado nalala upande wa kushoto. Sijui amekumbukaje.

Ijumaa, 14 Machi

Ngazi nane za kwanza nimezipanda kama msichana, nikihesabu kimoyomoyo. Sasa naandika nimekaa kwenye ya tisa, daftari hili juu ya goti. Binti yangu amesimama chini, ameshika mkoba wangu. Juu namwona muuguzi, na kiatu kimoja cha daktari.

"Bibi, upo?" – muuguzi.

"Nafunga viatu," nimemjibu.

Leo nimevaa visivyo na kamba. Zimebaki nane.