Mshono wa Nyuma wa Koti

Mpendwa yaya Furaha,

Nimeamka na hasira, na mtu wa kwanza niliyetaka kumfokea ni wewe, dada yangu mkubwa, uliyelala makaburini tangu baridi ya mwaka jana na huwezi kunijibu. Kwa hiyo naandika. Usicheke kabla sijafika mwisho.

Unakumbuka tulivyofika mtaa wa Yeoville, huku kusini, kutoka Bukavu, wewe na cherehani yako na mwanao Neema mgongoni, mimi na viatu vya mpira tu? Watu wa kanisani wakanitafutia kazi ya ulinzi huko Turffontein. Ulishanipigia pasi suruali. Mimi nikaenda chuo kimoja cha jirani kupiga deki uwanja wa mpira wa kikapu bila malipo, ili tu niwe karibu na mpira. Ulininunia wiki nzima. "Tulivuka mipaka ngapi, Didi, juu weye ukuje kupangusa sakafu ya bure?" Nilipiga deki, baadaye nikapewa kubeba maji na taulo, halafu kuwapasha vijana misuli moto kabla ya mazoezi, na mwaka 2016 Kocha Sipho akaniita kwenye benchi akasema mimi ndiye msaidizi wake.

Nilikuja mbio kukuambia. Ukauliza msaidizi anafanya nini hasa, nami kwa ujinga wangu nikakueleza kweli. Wakati wa mechi kocha mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kusimama, mwingine lazima akae. Kocha Sipho ana hasira za karibu, na refa akimwadhibu mara mbili kwa mdomo wake, anatolewa ukumbini. Basi pamoja na mambo mengine, kazi yangu ni kukaa nyuma yake nimeshika koti lake, nimvute kabla hajamfikia refa.

Ulicheka mpaka cherehani ikasimama. "Sasa ile njo kazi gani? Kushikaka muntu koti?"

Lakini koti lilipochanika mgongoni, katikati ya mechi, watu wakitucheka, ni wewe uliyesema, "Ulete ile koti hapa." Ukafumua mshono wote wa nyuma, ukashona upya kwa uzi mnene wa mabegi, mistari miwili, na mwisho wa kila mstari ukafunga fundo jekundu, alama yako. Ukanipa na mafunzo juu. "Ukamate ku mushono, usikamate ku kitambaa. Kitambaa kinadanganyaka." Tangu siku hiyo halikuchanika tena. Kocha alikuwa akilivaa anasema leo nimevaa dada yako, na wewe ukisikia unajifanya umechukia.

Mwezi uleule ukanishonea na mimi la kwangu, la kijivu. La kanisani, ulisema, nisije nikakuaibisha mbele ya mchungaji. Nikalivaa kanisani mara chache, halafu nikalihamishia kwenye benchi.

Sasa sikiliza ya juzi Jumamosi. Tulikuwa na mechi ya fainali. Kabla hatujaingia ukumbini, mkuu wa chuo alinishika bega kwenye maegesho ya magari. Akasema kwa upole kabisa, "Didier, Sipho akitolewa tena leo, tumemalizana naye. Nafasi itakuwa wazi, na mtu wa karibu ni wewe." Akanipigapiga bega, akaenda kukaa.

Yaya, unajua hali yangu. Msaidizi analipwa kwa mechi, likizo ikija halipwi. Kocha mkuu ana mkataba. Neema wako anataka kuanza chuo mwakani, na mimi ndiye niliyekushika mkono hospitalini nikakuambia atasoma. Nilikaa kwenye kiti changu nimeshika lile koti.

Kocha alipata adhabu ya kwanza mapema. Dakika za mwisho, tukiwa nyuma kidogo, refa akampulizia kijana wetu filimbi kwa kosa ambalo hata mama wa wapinzani wetu waliokuwa jukwaani walipiga kelele kulikataa. Nikaiona shingo ya Kocha inavimba. Akaondoka. Koti likakaza mkononi mwangu. Mkuu wa chuo alikuwa amekaa upande wa pili, na hakuwa anamtazama Kocha wala mpira. Alikuwa anautazama mkono wangu.

Sikuhitaji kufanya baya lolote. Nilihitaji tu kuchoka. Nani angenilaumu kwa koti lililoniponyoka? Nilimchukia yule mkuu, nikamchukia na Kocha kwa kushindwa kuufunga mdomo wake hata siku moja. Vidole vyangu vilikuwa kwenye ule mshono, na chini yake nikaligusa fundo lako, gumu. Nikashika kwa mikono yote miwili, nikavuta, Kocha akaanguka kwenye kiti kwa kishindo.

"Eish, mfowethu, niachie!" Hivyo ndivyo anavyoniita, ndugu yangu, kwa Kizulu.

"Sikuachii."

Akageuka kunifokea, akaniona uso. Akamtazama na mkuu wa chuo kule ng'ambo. Kocha Sipho ana hasira lakini si mjinga. Alipumua, akasogea akakaa kwenye kiti changu. "Sharp, sawa," akasema. "Basi simama wewe."

Nikasimama. Miaka yote hiyo ya kukaa, yaya, sasa mimi ndiye niliyesimama. Nikapanga ulinzi, nikabadilisha wachezaji, vijana wakanisikiliza. Halafu refa yuleyule akapuliza tena. Nikasikia mtu anatukana kwa Kiswahili cha Bukavu, kumbe ni mimi, na tayari nilikuwa natembea kumfuata. Nikavutwa kwa nyuma kwa nguvu mpaka nikakaa. Kocha alikuwa amelishika koti langu kwa ngumi mbili, machozi ya kicheko yanamtoka. "Kumbe hivi ndivyo ninavyokuwa," akasema.

Tulifungwa kwa kikapu kimoja. Mlangoni mkuu wa chuo akaniuliza kwa sauti ya chini mbona sikumwachia. Nikamjibu koti lilishonwa vizuri. Hakunipa mkono.

Kocha anabaki. Mimi nabaki kiti cha pili, kwa malipo ya mechi, na ada ya Neema sijui itatoka wapi. Ndiyo hasira niliyoamka nayo. Nilitaka kukuuliza kwa nini ulishona vizuri hivyo.

Asubuhi hii Neema alikuwa analipiga pasi koti langu, kaligeuza ndani nje. Akaniita, "Malume, njoo uone." Wewe ndiye uliyemwacha aniite mjomba kwa Kizulu. Nikaenda. Mshono wa nyuma una mistari miwili, uzi mnene wa mabegi, na mafundo mekundu mwishoni.

Koti la kanisani halishonwi hivyo, yaya. Ulikuwa unanicheka mbele ya kila mteja, na nisipokuona ulikuwa unanishonea koti la siku nitakayosimama.

Pumzika. Hasira imeniisha, nimebaki na hamu yako tu.

Mdogo wako, mshika koti,
Didi