Bendi Langoni pa Hospitali

Jumapili, 2 Julai 1933

Amos amelazwa. Nimonia, pafu la kulia. Jana alikuwa akinibishia kwamba ni mafua tu — mume mbishi huyu! Leo wenzake wa machimboni wamembeba kwa machela, hana hata nguvu ya kunijibu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Lakini nashukuru. Hospitali iko mtaa wa pili tu. Baba yangu alikufa njiani, juu ya mkokoteni, akipelekwa hospitali ya mbali, kwa sababu mji wetu haukuwa na hospitali yake. Ndipo wanaume wa machimbo wakachonga mawe ya kuijenga hii bure, kila jioni baada ya kazi, na wanawake wa kiwandani wakafuma mashuka. Babake Amos alikuwa mmoja wa wachongaji. Leo mwanawe amelala ndani ya kuta hizo hizo.

Jumanne, 4 Julai

Kutazama wagonjwa ni Jumatano na Jumapili. Sheria ni sheria. Metroni Lumb, mkuu wa wauguzi, ambaye hata daktari humwogopa, amenikuta nimeegemea uzio. Nikajua nitafokewa.

"Bi Thackray, unangoja basi hapo? Pita jikoni. Na hiyo kofia vua, inawazibia wagonjwa wangu mwanga."

Mungu ambariki yeye na ukali wake! Amos hanitambui. Ameniita kwa jina la dada yake.

Alhamisi, 6 Julai

Homa haishuki. Daktari Fenwick anasema hakuna dawa ya kuikata. Itapanda mpaka ikatike yenyewe, pengine keshokutwa. Ama imwache, ama — siandiki.

Kelele ndogo tu inamshtua. Mkokoteni wa maziwa ukipita, anaruka kitandani. Na Jumamosi ni karnivali, maandamano ya mji ya kuichangia hospitali! Kila mwaka bendi ya machimbo husimama pale langoni ikapiga kwa nguvu zote, Amos akiwa na ile ngoma yake kubwa, na ndoo za michango hupitishwa. Hospitali inaishi kwa ndoo hizo. Bila muziki zinarudi nyepesi. Nani awaambie wanyamaze? Si mimi. Hospitali si ya Amos peke yake.

Ijumaa, 7 Julai

Sikumwambia mtu. Naapa! Nimetoka kwa mlango wa jikoni nikakuta barabara yote ya mbele imetandikwa mabua makavu, mazito kama godoro. Magurudumu yanapita kimya. Na aliyekuwa akiyatandaza, jasho likimtiririka, ni Jabez Uttley, kiongozi wa bendi, ambaye kila mazoezi hugombana na Amos kwamba anaharakisha ngoma.

"Shemeji, kesho hapa tunapita mdomo kufuli," akaniambia.

"Na ndoo je, Jabez?"

"Ndoo zitajijua. Ila usimwambie mumeo nimetoka jasho kwa ajili yake, atanisimanga mpaka kaburini."

Akasikia alichokisema, akaiva uso. Nikacheka — mara ya kwanza wiki hii.

Jumamosi, 8 Julai

Naandika kwenye benchi, ndani ya lango.

Asubuhi Amos alikuwa anachoma ukimgusa. Metroni akaniacha nikae naye. Saa nane mchana wakaja. Nikachungulia dirishani — mji mzima! Malkia wa karnivali juu ya gari lake la maua, wachekeshaji na nyuso zao za rangi, bendi na tarumbeta kwapani. Hakuna aliyekohoa. Ndani ya ndoo wametandika matambara, na watu walikuwa wanalaza sarafu taratibu, hawatupi. Watu hawa hawa wanaonuniana miaka kwa ajili ya uzio! Nawapenda wote. Nimelia sana.

Ndipo Amos akafumbua macho.

"Hetty. Leo si karnivali? Mbona bendi kimya? Kwani nimekufa?"

Nikamshika shingo. Jasho! Amelowa mwili mzima.

Metroni amenitoa nje wambadilishe mashuka. Daktari yuko naye. Anasema homa imekatika, ila nisishangilie, moyo wake umechoka na usiku wa leo ndio utakaosema. Sawa. Nitangoja. Lakini amenitambua, ameniita Hetty! Machozi hayakatiki, ukurasa umelowa.

Hao, bendi inarudi. Wanaingia langoni kwa kunyata. Wameniona. Mbona wanasimama? Wanavua kofia, mmoja mmoja — Jabez amefunika uso. Wanadhani amekufa — hapana, jamani, hapana! Ngoja niwaambie —