Siku Niliyozima Mashine

Kaka yangu mpendwa,

Hatujambo. Mashine ya unga imepata mkanda mpya, na fundi wake bado ni mimi dada yako, kwa hiyo ringa huko uliko.

Jana nikisaga, moyoni likanijia neno dogo: "Zima." Nikapuuza. Likarudi. Nikazima. Wateja wakafoka, "Dada, vipi tena?" Nikawajibu, "Bwana akisema, unga utangoja!"

Katika kimya kile nikamsikia Baba nyuma ya ukuta, yule yule aliyekufukuza akaapa hana mtoto wa kiume. Alikuwa anaomba: "Mungu wangu, nirudishie Kifaranga."

Kumbe huomba mashine ikinguruma, tusimsikie.

Njoo, Kifaranga. Siku utakayofika siiwashi.

Wako,
Dada Fundi