Mbwa Yangu Sitamufichia Ukoo

Goma, Keshero

Mama yangu,

Nakusalimia: wavukire. Naomba barua hii ikukute umekaa, siyo umesimama mbele ya jiko kama kawaida yako. Muguu unaendeleaje na baridi ya Butembo? Na kifua cha papa, kimetulia? Huku tuko wazima. Masika anakimbia sasa, anakula sombe kama mutu mukubwa, na akikataa kulala hakuna anayelala. Bwana yangu bado anaendesha lori ya maharagwe ya Rutshuru. Anakuja, anakula, analala, anaenda. Mimi nachoka, lakini nipo.

Nakuandikia sababu kwa simu unanikata maneno. Juzi nilisema tu "asiransi ya mbwa", ile bima ya kumutunza akiugua, ukaniuliza nani ameniroga, halafu ukampa papa simu. Karatasi haina papa wa kupewa. Kaka Kambale atakusomea, na asome yote, hata pale utamuambia aruke.

Mbwa mwenyewe unamujua kwa picha, yule mweusi mwenye sikio moja limesimama na lingine limelala. Jina lake ni Waseme. Nilimuita hivyo kwa ajili ya majirani, nao walielewa. Mama yake alikuwa mbwa wa kizungu, wale wakubwa wa kulinda, kwenye nyumba moja ya kando ya ziwa. Baba yake ni wa kienyeji, wa mitaa ya Birere, hana mwenyewe. Sentineli, mulinzi wa ile nyumba, muzee mumoja mupole, ndiye alinipa yeye akiwa mudogo kama kiatu.

Unasema mbwa ni mbwa. Mama, mimi natoka nyumbani kabla jua halijatoka, naenda kungoja sambaza, wale samaki wadogo, kwenye mitumbwi ili niuze. Bwana hayuko. Nyumba ni ya mbao. Mwaka huu watu walishaanza kung'oa mbao za nyuma, mutoto na mama mukwe wangu wakiwa ndani, na ni Waseme aliwafanya waache nyundo yao hapo wakakimbia. Hiyo nyundo mama mukwe ndiyo anatumia kuvunjia makala. Kwa hiyo mutu asiniambie mbwa ni mbwa.

Sasa, asiransi. Nilikuwa sijui kama kuna kitu kama hicho. Kijana mumoja alikuwa anaitembeza kule Birere, ana shati nzuri na maneno mengi, na bei yake ilikuwa chini. Nikamuuliza inalipa nini. Akasema mbwa akigongwa na moto, hizi pikipiki, akilishwa sumu, akiumwa na mbwa mwingine.

"Na nyonga?" nikauliza. Maana nilikuwa nimeshaona Waseme akiamka asubuhi anajivuta kidogo nyuma, halafu anasahau.

"Nyonga ni mambo ya ukoo, mama. Ukoo hatulipi."

"Mbwa yangu hashindi barabarani, papa. Analala mulangoni. Ugonjwa unaomungoja ni huo munaoukataa."

Akacheka. Akaniambia tuandike tu kwamba ni wa kienyeji, wazazi hawajulikani, na siku miguu itakataa nitasema aliteleza kwenye mawe. "Goma ni mawe tupu," akasema, "nani atabisha?" Wamama wa pale walinihimiza nikubali. Nilimurudishia karatasi yake.

Kuna nyingine hapa Keshero, ya dokta wa wanyama. Yeye anakusanya watu wenye mbwa, kila mutu anatoa kila mwezi, na mbwa akiugua anamutunza, hata ugonjwa wa kuzaliwa nao, mupaka mbwa afe. Bei yake inauma. Na ana sharti moja: useme ukweli wa baba na mama ya mbwa. Ukificha na yeye akagundua, unatolewa na ulichotoa hakirudi.

Basi nikafanya kama wanavyofanya watu kabla ya kuomba binti. Nilienda kuchunguza ukoo. Nilimukuta yule sentineli anafagia, nikamuuliza juu ya mama ya Waseme. Akaweka ufagio chini. Akasema alianza kukokota miguu ya nyuma akiwa bado kijana kabisa, mwishowe alikuwa anashindwa kusimama kula, na wenyewe wakamuita dokta amulaze usingizi wa mwisho. "Alikuwa mbwa wa adabu sana," akasema. Mama mukwe alikuwa na mimi, amebeba Masika mugongoni. Alisikia yote.

Siku ya kwenda kwa dokta akasema atanisindikiza. Nilifurahi. Sikujua amejipa kazi. Tulipofika tu, dokta hajamaliza kunawa mikono, mama mukwe akarekebisha kitenge chake na kuanza kusema kwa ile sauti ya watu wanaotumwa kusemea bibi arusi.

"Dokta, huyu unayemuona ametoka kwenye nyumba safi. Baba yake nguvu, mama yake nguvu. Kwao hakuna anayechechemea. Tuliuliza, tukahakikisha."

Dokta akachukua kalamu. Mama, ningeweza kunyamaza. Kalamu ilikuwa inaandika, na mbwa alikuwa anaingia muzima.

Nikasema, "Mama, samahani. Dokta, mama yake alichechemea. Aliacha kusimama kabisa. Tumeambiwa sisi wote wawili."

Mama mukwe akanigeukia. "Wewe! Mutu anakujengea, unabomoa? Mudomo wako utakosesha huyu mbwa."

"Akose basi, lakini akose kwa jina lake."

Dokta akamuangalia mama mukwe, akaniangalia mimi, akasema taratibu, "Sasa itabidi nimupime." Akamulaza Waseme, akamukunja miguu, akamupandisha kamulima ka mbele ya nyumba mara nyingi. Masika anapiga makofi. Mwishowe akasema nyonga ya kushoto imeshaanza kulegea. Hiyo ameiona leo, kabla sijatoa kitu, kwa hiyo hawezi kuiingiza. Ya kuume bado nzima, hiyo anaichukua, pamoja na magonjwa mengine yote. Akaniambia pia nisilipie operesheni ya nyonga, maana hapa haifanyiki na yeye hataki kula kitu cha bure. Mbwa asinenepe, asiruke ukuta. Na asizae, atamukata kizazi yeye mwenyewe, ili ugonjwa uishie kwake.

Nikakubali. Nimeacha kushona kitenge cha sikukuu ya wamama, na nywele zangu nazisuka mwenyewe, ndiyo maana kwa picha utaniona kichwa kimefungwa.

Njiani, karibu na nyumbani, mama mukwe akanisimamisha. Halafu akasema, "Umelipia nusu ya mbwa."

"Ndiyo mama. Nusu yenyewe ni yangu kabisa."

"Ungenyamaza ungepata muzima."

"Ningepata muzima wa karatasi. Siku ataanguka wangenionyesha mulango."

Kisha akatoa lile neno lake. Wewe bado hulijui. Masika alikuwa amejikwaa kwenye jiwe, kama mutoto yeyote wa Goma, na mama mukwe akasema, "Sisi tulishazoea kuletewa vitu bila kuonyeshwa."

Mama, hapa kaka asiruke.

Siku ya posa yangu watu wa bwana walipouliza juu ya muguu wako, mujomba alisema ulianguka ukichuma marakuja. Wewe ulikuwa umekaa chini ya ukuta, umefunika miguu na kitenge, na hukuambiwa usimame hata kupokea wageni. Nilikuwa nachungulia dirishani. Mwaka haukuisha, mufanyabiashara mumoja wa Butembo akawaambia kwamba ulizaliwa hivyo, na kwamba bibi pia alitembea hivyo. Tangu hapo, kila Masika akianguka, mimi nashitakiwa. Sikukuambia sababu sikutaka ubebe na hiyo. Leo nakuambia, siyo kwa kulaumu. Najua mulifanya vile ili nipate bwana.

Lakini nilimuambia mama mukwe, palepale njiani, na mutoto mukononi. Nilimuambia hivi: "Mama yangu alizaliwa na ule muguu. Na muguu huohuo alipandia nao kilima na muzigo wa mihogo, akiwa na tumbo, akatuzaa sisi wote na hakuna aliyelala njaa. Hilo ndilo muliloletewa. Kama unataka kujua kingine, uniulize mimi, nitakujibu."

Jioni aliniwekea chakula, na akamutupia Waseme mufupa, ule wenye nyama. Siwezi kusema amebadilika. Alipomutupia alisema, "Kula, nusu mbwa."

Na kesho yake nilimubeba Masika hospitali, dokta amuangalie nyonga. Aliniuliza kama kwetu kuna aliyezaliwa na nyonga mbaya. Nilijibu ndiyo, mama yangu na bibi yangu, na sikuteremusha sauti. Amemupima, amesema amekaa vizuri, nimurudishe tena akikua kidogo. Nitamurudisha.

Sasa usikie, mama. Mulisema kaka anangoja mutoto wa Waseme wa kulinda shamba. Hatakuja. Atafute mwingine, na aulize mama yake alitembeaje. Na siku watu watakuja kuomba Masika, sitamutuma mujomba. Wewe utakuja Goma, utakaa mbele, siyo chini ya ukuta, na wageni wakiingia utasimama na kutembea kwenda kuwasalimia, mupaka kwa wa mwisho. Anayeona ni kasoro atarudi na mbuzi zake kabla chakula hakijapoa.

Unisalimie papa, asivute tena ile tumbaku. Unisalimie kaka Kambale na muke wake, na shangazi anayeuza maharagwe sokoni, yeye aliyenifundisha kupanga bei. Mujomba pia umusalimie sana. Ni mutu muzuri, lakini mahali pangu asisemee tena. Ndani ya mufuko huu nimekutumia dawa ya kupaka, usigawe kwa majirani, ni ya muguu wako.

Binti yako anayekupenda na asiyeficha,

Kavugho, mama Masika