Mama Ametoka

Kambini, 4 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi. Mimi nipo, mgongo unalalamika kidogo, lakini mashine ya kuchomelea haijaniunguza tena tangu ile mara ya mwisho. Mama anaendeleaje? Kikohozi kimepungua? Na wewe macho, bado yanakuuma ukitunga uzi?

Naandika mbiombio kwa sababu lori la mahitaji linaondoka asubuhi, na likiondoka halirudi mpaka wiki mbili zipite. Mtandao huku ni hadithi tu. Ukiwa na jambo la dharura piga simu ofisi ya kampuni hapo mjini, karani wao anamsomea karani wa kambi kwa redio ya mawasiliano. Wananung'unika, lakini wanafanya.

Sasa sikiliza. Mkuu wetu wa kazi ana nyumba kule juu, mtaa wa kuta na miti. Uani kuna nyumba ndogo ya vyumba viwili iko tupu, na yuko tayari mkae ninyi. Maji ya bomba mchana kutwa, choo ndani, geti la chuma, mlinzi. Hakuna wachoma vyuma chakavu wa kumjaza mama moshi kifuani, hakuna mtaro wa kuingia sebuleni mvua ikinyesha. Huko bondeni nimekulia, sihitaji kusimuliwa. Mtoe mama humo.

Kaka yako

---

Nyumbani, 19 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua imefika, na kopo la mafuta ya mgongo nalituma kwa dereva huyuhuyu, usiniambie umempa mtu. Mimi mzima. Macho ni yaleyale. Mama anakula, kikohozi cha asubuhi bado kinamtesa, na moshi usemao ni wa kweli. Juzi mtaro ulifurika tena, tukalala miguu juu ya viti.

Lakini kaka, tangu uondoke kusahau kumezidi. Siku hizi amerudi kwenye udobi wake. Anapita uani kwa watu, anaanua nguo kwenye kamba, anazikunja pande nne kama enzi zile, analeta nyumbani. Jana alileta suruali mbili za fundi viatu na shuka la mwenye duka. Jioni wenyewe wakaja kuchukua, wakacheka, wakamwambia ahsante dobi, kazi safi. Mama akalala na furaha.

Mimi nashona hapa barazani na macho ninayo mawili tu. Akinitoroka, hafiki mbali. Lazima apite dirisha la Redio, na unamjua jirani yetu yule, tangu miguu imvimbe ndiyo hatoki kabisa pale dirishani. Anamuuliza, "Dobi, unakwenda wapi?" Mama akiulizwa anasimama. Akisimama anasahau alikokuwa anakwenda, anageuka zake nyumbani. Kwa siku mara nne, mara tano.

Huko juu nani atamuuliza?

Mdogo wako

---

Kambini, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini ninyi ni wazima. Mafuta nimepata, mgongo unakushukuru.

Umenichekesha, halafu umeniudhi. Yaani ulinzi wa mama yetu ni umbea wa Redio? Yule mama hana breki mdomoni. Nilipofukuzwa kazi yangu ya kwanza, nilitembea mwendo mrefu nikitafuta maneno ya kumwambia mama. Nafika mlangoni, mama ananipa pole. Redio alishatangaza. Mtaa mzima ulinitazama wiki nzima kama niliyeiba. Sijasahau, na sitasahau.

Kule juu kila mtu ana shughuli zake. Hakuna anayechungulia sufuria yako. Ndiyo heshima ninayomtakia mama kabla hajafumba macho. Mimi ni mkubwa na nimeshamjibu mkuu kwamba mnakuja. Usiniangushe.

Kaka yako

---

Nyumbani, 20 Aprili

Kaka, shikamoo.

Sina salamu ndefu. Mama mzima, mimi damu inanichemka.

Jumamosi nilikuwa nampima mteja, bibi harusi, na shangazi zake wanne wamekaa barazani. Redio akapaza sauti dirishani kwake, mtaa mzima ukasikia: "We fundi, njoo umbadilishe mama yako, amejilowesha!" Mama alikuwa amesimama katikati ya njia, gauni limemganda miguuni, anatazama chini kama mtoto. Shangazi wa bibi harusi wakatazamana. Kuna mmoja alicheka.

Nilimbadilisha. Kisha nikaenda pale dirishani nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Akaniambia, "Sasa ningemwacha alowe?" Nikamwambia afunge dirisha lake na mdomo wake.

Umeshinda. Tunahama mwisho wa mwezi. Sitamuaga.

Mdogo wako

---

Huku juu, 18 Mei

Kaka, shikamoo. Hali yako? Tuko wazima, mimi na mama, na tuna wiki ya tatu sasa.

Nisiwe mnafiki, kuna mazuri. Maji yanatoka ukigusa tu, siku ya kwanza nilioga mara tatu. Hakuna inzi. Nalala usingizi wa moja kwa moja. Na kikohozi cha mama kimekwisha, kaka, kimekwisha kabisa, kifua chake kimekuwa kimya mpaka naweka sikio kuhakikisha. Hilo nakupa mkono.

Sasa sikia mengine. Mke wa mkuu wako amesema mashine isisikike, wala kibao cha fundi kisiwekwe getini, mtaa huu si wa biashara. Kwa hiyo nimepata kazi kiwanda cha sare, naingia asubuhi natoka saa kumi. Mama namwekea chakula, geti limefungwa, mlinzi yupo. Duka la karibu ni mwendo wa nusu saa. Majirani siwajui. Nimeona gari la wa kulia na mbwa wa wa kushoto.

Mama anakaa anatazama ukuta. Ananiuliza watu wamekwenda wapi. Nikamwambia wapo ndani. Akasema, "Wote? Wanaumwa nini?" Nilicheka, halafu nikaingia bafuni nikalia. Kamba za nguo hapa ziko nyuma ya nyumba za watu, hakuna anachoweza kuanua. Anakunja taulo letu lilelile, analikunjua, analikunja tena.

Huwa namsikia anajiuliza mwenyewe polepole, "Dobi, unakwenda wapi?"

Mdogo wako

---

Kambini, 30 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Habari ya kifua cha mama imenifanya ninunue soda kwa kikosi kizima. Unaona sasa?

Huo upweke ni ugeni tu, atazoea. Ila asikae ndani kama mfungwa. Mtu anahitaji hewa na jua. Mkuu anasema nje ya geti kuna benchi chini ya mti. Mwambie mlinzi mama akitaka kutoka amfungulie, akae pale atazame magari. Fanya hivyo, kisha unipe habari. Siku utakayoniambia mama ametoka, roho yangu itatulia.

Tunamalizia mlango wa chuma wa bwawa. Mwezi wa nane nakuja likizo.

Kaka yako

---

Kambini, 15 Juni

Mdogo wangu,

Mzima wewe? Mimi leo ni mzima kuliko siku zote.

Alhamisi nilikuwa juu ya jukwaa, kinyago usoni, karani wa kambi akanipungia karatasi kutoka chini. Nikashuka roho mkononi, maana ujumbe wa redio huku huwa hauji na heri. Nikasoma: "Kutoka kwa mdogo wako. Mama ametoka nyumbani." Basi. Karani anasema palikuwa na maneno zaidi lakini redio ilikata, na tangu hapo imekufa, wanasubiri kifaa. Nikamwambia hayo yananitosha.

Wewe mtundu sana! Umesumbua ofisi nzima ya kampuni kwa ajili ya kuniambia mama amekaa kwenye benchi! Nilicheka peke yangu mpaka msaidizi wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia mama yangu ametoka. Akasema hongera, akidhani ametoka hospitali. Sikumsahihisha.

Unajua tangu mwezi wa nne nilikuwa nalala vibaya? Nilikuwa najiuliza kama nimekulazimisha. Sasa nalala. Mwambie mama akae pale mpaka achoke, hakuna wa kumsumbua.

Kaka yako

---

Bondeni, 24 Juni

Kaka,

Leo sikuulizi hali. Kaa chini kwanza. Kama uko kazini, ikunje barua hii uisome ukifika chumbani.

Mama amefariki. Tumemzika tarehe 14, Jumamosi.

Barua yako ya tarehe 15 imenifikia jana. Nimeisoma nimesimama. Mpaka jana nilikuwa nimekukasirikia kiasi cha kutotaka kukuandikia tena, nikisema amejua na hakuja. Sasa najua hukujua, na sijui hasira hii niipeleke wapi.

Ilikuwa Jumatano tarehe 11. Nilirudi saa kumi na moja nikakuta taulo limekunjwa juu ya kitanda, mama hayupo. Benchi tupu. Mlinzi akaniambia alitoka tangu asubuhi. Maneno yako niliyafikisha kaka, nilimwambia yule mlinzi wa kwanza: mama akitaka kutoka mfungulie akae kwenye benchi, na usimwondolee macho. Lakini alimaliza zamu zake mwanzoni mwa Juni akaja huyu, na yule alimwachia nusu tu: mama wa uani akitaka kutoka, mfungulie. Nikamuuliza kwa nini hakumuuliza anakwenda wapi. Hakunijibu kwa ubaya, ni kijana wa watu, machozi yalimlenga. Alisema:

"Dada, kazi yangu ni kuuliza wanaoingia. Wanaotoka hatuulizi."

Nilizunguka mpaka giza. Kuta zote zinafanana, mageti yote ni meusi. Kila mlinzi alikuwa amemwona. Sita, kaka, niliwahesabu. Wote walimwamkia. Walisema alipita kwa adabu, amevaa gauni safi, wakajua ni mama wa nyumba fulani anayenyoosha miguu. Mmoja alisema mama alimuuliza njia. Alimuuliza, "Kwa Redio ni wapi, mwanangu?" Akamwelekeza barabara kubwa, kwenye duka linalotengeneza redio.

Alhamisi asubuhi nilikwenda polisi, kisha nikapiga simu ofisi ya kampuni. Nilimwambia karani: mama ametoka nyumbani tangu jana, hajarudi, hatujui alipo, kaka aje. Baadaye nilipopiga kutoa habari ya msiba wakaniambia redio ya kambi imekufa, ila ujumbe wa kwanza ulifika. Nikasema basi, yuko njiani. Tukakungoja Alhamisi, tukakungoja Ijumaa. Kila gari lililosimama nilitoka kutazama.

Aliyempata ni Redio, Alhamisi hiyohiyo. Sijui nani alimpelekea habari, na yeye haulizwi hayo. Alikuja na miguu yake ile iliyovimba, amefuatana na fundi viatu na mwenye duka, akaanza geti la kwanza. Anagonga kwa jiwe. Anaita kwa sauti ileile. Wenye nyumba wakalalamika, walinzi wakamfukuza mara mbili, akaambiwa mtaa huu una utaratibu wake. Akasema utaratibu wenu nitaujua nikishampata dobi. Saa tano alimpata mfagiaji wa barabara, akamhoji mpaka yule akakumbuka bibi mmoja aliyekaa kwenye mtaro mkavu, kati ya kuta mbili, akadhani anapumzika.

Alikuwa amekaa bado. Daktari alisema ni jua la mchana kutwa na kiu. Kaka, kila nyumba pale ina bomba. Mapajani alikuwa na fulana ya mlinzi fulani, nadhani ilikuwa imeanikwa kwenye uzio, ameikunja pande nne. Redio hakupiga kelele. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona amenyamaza. Alikaa naye mtaroni mpaka gari lilipokuja, na fulana hakuruhusu mtu aiguse.

Usiseme ni wewe. Nami nimejaribu kusema ni mimi, na usiku sipati usingizi nikisema hivyo. Ningevumilia aibu moja ya Jumamosi moja, mama angekuwepo. Wewe ungesahau lile la kazi yako ya kwanza, mama angekuwepo. Kifua chake kilikuwa safi kabisa, daktari mwenyewe alisema.

Nimerudi. Nyumba yetu ilishapangishwa, nimepata chumba kinachotazamana na dirisha la Redio. Cherehani iko barazani. Moshi ni uleule, jana maji ya mtaro yameingia, na sasa mimi ndiye ninayekohoa. Watu wanapita wanatazama ninapika nini. Kuna siku natamani bomba la kule, sikufichi. Nanawa kwa kopo nakumbuka.

Redio sikumwomba msamaha kwa maneno, nilimshonea gauni. Alilipokea, akasema mikono imekaa upande, nikalifumua. Kila asubuhi nikifungua mlango ananiuliza ninakwenda wapi. Zamani ningemjibu kwa mkato. Sasa nasimama, namwambia yote: nakwenda kununua uzi mweusi, napita kwa fundi viatu, narudi kabla ya saa nne. Anaitikia kwa kichwa. Nisiporudi saa nne, namsikia anaanza kuuliza wapita njia.

Ukija mwezi wa nane, shukia njia ya chini. Utapita dirishani kwake kabla hujafika kwangu, na atakuuliza unakwenda wapi. Kaka, nakuomba, simama umjibu.

Mdogo wako, uliyebaki naye