Betri ilikuwa yangu, wakamchukua Adolphe

Mama Prudence mpendwa, nakuandikia kwa aibu kubwa, naomba unisaidie, na kama barua hii utaiweka gazetini jina langu ulifiche, andika tu fundi wa Buyenzi, maana mke wangu Asiya anaupenda ukurasa wako na mi mwenyewe ndiye ninayemsomea.

Mi ni fundi umeme wa magari, nimezaliwa Buyenzi na garaji yangu iko hapo hapo, na watu wananiamini. Nina Korola ya zamani. Tangu vita vianze betri zinaibwa sana mjini, na kapo la gari langu, kile kifuniko cha injini, halifungi vizuri, mutu yeyote anaweza kulifungua kwa nje, kwa hiyo nilipoibiwa mara ya pili nikasema basi, betri naihamishia nyuma kwenye kofre, pamoja na mizigo, kule kuna kufuli.

Kazi hiyo naijua. Betri ikikaa nyuma, kabo nene ya umeme inabidi ipite ndani ya gari lote mpaka mbele kwenye staata, na kwa gari la mteja ningeipitisha pembeni chini ya kapeti, mbali na viti, kila tundu la bati ningelivisha mpira ili kabo isikatwe, na karibu kabisa na betri ningeweka fizibo, ili kabo ikigusa bati fizibo ikatike na moto usiwake. Kwenye gari langu sikufanya hivyo. Niliipitisha moja kwa moja chini ya kiti cha abiria, bila mpira, bila fizibo, betri nikaifunga kwa kamba ndani ya sanduku la mbao, nikajiambia nitairudia kazi nikipata nafasi, na nafasi yenyewe sikuitafuta.

Sasa nina rafiki, anaitwa Adolphe, anakaa Kinama na anafanya kazi kwenye depo moja kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Ni mtu mrefu, mpole, anafundisha kwaya kanisani kwao, na ndiye aliyeniletea wateja tangu garaji yangu ikiwa haina hata paa. Siku moja mchana risasi zilisikika upande wa milimani, magari ya abiria ya Kinama yakaacha kutembea, akaja kuniuliza kama naweza kumfikisha nyumbani, kwa sababu mkewe Spéciose alikuwa na mimba kubwa na alikuwa peke yake. Nikamwambia panda twende. Mfuko wake wa unga tukauweka kwenye kofre, kando ya betri.

Kwenye bariyeri, kabla ya kuingia Kinama, vijana wenye bunduki walitusimamisha, wakamwambia Adolphe ashuke. Kwa urefu wa miguu yake alikisukuma kiti nyuma apate kutoka, na chuma cha kiti kikaikata kabo. Cheche zikaruka, moshi ukatoka chini ya kiti. Mi nilijua papo hapo ni nini, nikakimbia nyuma, nikafungua kofre, nikaing'oa kabo kwenye betri, moto ukafa. Lakini wao hawakuona fundi anayezima moto, waliona mutu anakimbilia sanduku lililofungwa kamba, lenye waya mwekundu unaopotelea ndani ya gari, wakajitupa chini wote, halafu wakainuka na hasira ya watu walioogopeshwa. Adolphe walimlaza kifudifudi ndani ya mtaro, ng'ambo ya barabara. Mi walinisimamisha kando ya gari. Mkubwa wao akatazama kitambulisho changu, akaona Buyenzi, akaniuliza, «Hii kitu ni ya nani?»

Mama, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ni betri, ni ya gari langu, niliiweka mwenyewe. Nikasema, «Ni ya huyu wa Kinama. Mi nimempakia tu njiani.»

Nilikuwa sijapigwa hata kofi moja. Nilijua tu kwamba sisi wa Buyenzi mara nyingi wanatuacha, na mutu wa Kinama ndiye wanayemtafuta, wakidai kila wa kule ni mwasi, nikamsukumia yeye. Mi wakanifukuza nirudi mjini kwa miguu, gari wakabaki nalo, na Adolphe wakabaki naye. Nyumbani nilimwambia Asiya kwamba wamemkamata Adolphe bariyerini, nikaishia hapo.

Asubuhi nikaletewa habari nikachukue gari. Mkubwa mwingine alikuwa amefika, akafungua kapo, akaona pale mbele pa betri ni patupu, akaelewa yote. Aliniita mpumbavu, akaniuliza mutu anawezaje kuikana betri ya gari lake, wenzake wakacheka, na mi nikacheka nao. Nilicheka, Mama. Adolphe alikuwa ameketi mbali, mkono sikioni, damu imekauka shingoni. Aliponiona akainuka kwa shida, akaja akanikumbatia, akasema, «Nilijua tu we ungerudi kunitetea.» Nilikuwa nimefuata gari. Sikumwambia hivyo. Nikafunga kabo kwa utepe, nikampeleka kwake.

Walimpiga sana upande wa kushoto, na sikio hilo sasa halisikii. Ndilo linalokuwa upande wangu ninapoendesha, maana magari yetu usukani uko kushoto. Njiani nilianza kumwambia, nikasema nusu ya maneno, nikaona anatazama mbele tu, hajasikia, na mi nikafurahi kwamba hajasikia. Kwaya amemwachia mtu mwingine, anasema sauti zinamchanganyikia.

Spéciose amejifungua mtoto wa kiume. Alipopata nguvu alikuja mpaka kwangu na kikapu cha maharage, akamshika Asiya mikono yote miwili akalia, akisema, «Mume wako amenirudishia mume wangu.» Tangu siku hiyo Asiya anatembea mtaani kichwa juu, kila jirani amesimuliwa. Na sasa Jumapili ijayo wanafanya karamu ya mtoto, na Adolphe amesema atanisimamisha mbele ya watu wake wote awaambie nilichomfanyia. Nilisingizia ugonjwa, akasema basi wataiahirisha mpaka nipone.

Nikisema ukweli, wakati huu ambapo watu wanachinjana kwa neno dogo, si nitaleta chuki kati ya Buyenzi na Kinama? Na Asiya ataniangaliaje? Nikinyamaza, nitasimamaje pale nipigiwe makofi? Nisaidie, niende, ninyamaze, au nihame mji huu?

Fundi wa Buyenzi


MAMA PRUDENCE ANAJIBU

Fundi, umenieleza vizuri sana jinsi kabo inavyotakiwa kupita, tundu la bati na mpira wake, fizibo na mahali pake. Hukuniambia umeirekebisha. Bado inapita chini ya kiti? Na wewe bado unapakia watu? Basi weka barua hii chini, nenda garajini, uing'oe, kisha urudi uendelee kusoma.

Umerudi. Sasa nisikilize.

Kuogopa mbele ya bunduki sitakulaumu. Mimi nakujibu nikiwa mezani, sina wa kuniuliza, «Hii kitu ni ya nani?» Maneno yale yalitoka, na ni mabaya sana, lakini yalitoka kwa mtu mwenye hofu. Lakini Spéciose alipokuja na kikapu chake, nani alikuwa amekushikia bunduki? Asiya anapokusifu kwa majirani, nani anakutisha? Uongo wa bariyerini uliusema unatetemeka. Huu wa sasa unausema kila siku umekaa nyumbani kwako, na maharage ya yule mama umeyakula.

Na hilo la chuki kati ya Buyenzi na Kinama liache. Hunyamazi kwa ajili ya amani ya mji, unanyamaza kwa ajili yako. Mtaa wa mwenzako uliutumia mara moja kujiokoa. Usiutumie tena. Kuhama nako sahau, kwa sababu ukihama Adolphe atakutafuta ajue una shida gani, na utakuwa umemwongezea mzigo.

Fanya hivi. Leo hii mwambie Asiya, yeye kwanza, asije akayasikia kisimani. Usimwombe akutetee. Kesho mchana nenda kwa Adolphe peke yako. Usingoje Jumapili, maana mbele ya watu wake, mtoto mikononi, atalazimika kukusamehe kwa adabu tu, na msamaha wa namna hiyo utakuwa umemwibia. Kaa upande wa sikio linalosikia. Mwambie maneno yale uliyoyasema bariyerini, yote kama yalivyokuwa, na umwambie ulifuata gari. Usianze na hofu yako, usimwambie jinsi unavyoteseka, hilo si lake kulibeba. Halafu mwambie utagharamia daktari wa masikio, hata kama hataki kukuona tena. Kisha nyamaza, umwache aseme.


Jibu hilo nililituma kabla ya karamu, kwa mkono wa mtu aliyeileta barua, sikulichapisha, kwa sababu mafundi umeme wa Buyenzi si wengi kiasi cha kujificha gazetini. Majina nimeyabadilisha. Juzi fundi mwenyewe alikuja ofisini, akasema niyachapishe yote.

Alimwambia Asiya. Asiya anampikia, lakini hamsemeshi. Alikwenda Kinama. Adolphe alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamuuliza swali moja tu: «Ulipokuwa unasema vile, ulijua wanaweza kuniua?»

Fundi akajibu, «Nilijua.»

Adolphe akamwomba aondoke. Spéciose alimfuata mpaka mlangoni akiwa na mtoto, akaufunga nyuma yake. Karamu ilifanyika bila yeye. Kwa daktari Adolphe amekubali kwenda, lakini amesema atapelekwa na shemeji yake, hataki kupanda gari lile.

Fundi aliponisimulia hayo aliniuliza afanye nini tena. Nilimwambia, na nakuandikia tena ili ukisahau usome: hakuna tena, baba. Usitume wazee wakuombee. Usipite Kinama kila siku ili waone unavyosikitika. Mlipe daktari, nyumbani vumilia ukimya wa mkeo, na mlangoni kwa Adolphe usibishe hodi. Ni mlango wake. Akitaka ataufungua, na asipotaka utabaki umefungwa, na wewe utaishi hivyo.